Ngao, kerea, muziki, injini nyingine: kampuni yako ya bima inajua? Uzi wa wenye gari Mwanza

Asesa_wa_Kanda (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu, na wa Sengerema na Ukerewe pia karibuni.

Simama dakika kumi pale Buzuruga uangalie gari zinazopita. Ni chache zilizo kama zilivyoshuka bandarini. Probox imenyanyuliwa nyuma ibebe mzigo, Noah ina ngao na kerea, Canter ya Mwaloni imevalishwa boksi la barafu, IST buti lote ni spika. Ni mali ya mtu na ana haki ya kuifanyia anachotaka. Shida ni kwamba kwenye faili la bima gari hiyo bado ni ile iliyoandikwa siku ya kwanza.

Siku ya ajali asesa, yaani mkaguzi wa hasara, anafika na fomu ya maombi uliyojaza, nakala ya kadi ya gari, na picha za siku ya kukata bima kama zilipigwa. Kabla hajagusa palipobonyea, anazunguka gari akilinganisha. Namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, idadi ya siti, saizi ya tairi, kilichofungwa juu, kilichofungwa chini. Kisichofanana anakiandika, na hicho ndicho kinachokwenda kujadiliwa mezani kabla ya bei ya bampa.

Msingi wake ni huu. Bima inasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: mteja anatakiwa kueleza kila jambo ambalo lingemfanya mwenye kampuni akubali, akatae, au abadili bei. Tena mikataba mingi ina sharti la kutoa taarifa hatari ikibadilika katikati ya mwaka, kwa hiyo kukaa kimya mpaka siku ya kuhuisha hakukusaidii. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza, basi mwambie wakala akuoneshe sentensi hiyo kwa kidole na akutafsirie.

Jipime hivi. Nilichofunga kimeongeza thamani ya gari? Kimebadili namna inavyokwenda, inavyokata kona, inavyosimama au inavyoweza kuwaka moto? Kimebadili kazi yake? Ukijibu ndiyo hata mara moja, andika barua.

Visivyohitaji barua ni vile vya kurudishia kilichokuwepo: tairi za saizi ile ile, brekipedi, betri, shokapu za aina ile ile, kupiga rangi ile ile.

Mama_Spea_Nyakato

Asante sana mkuu kwa kuanza. Swali ambalo wateja wanauliza kila siku dukani: mtu amemwambia wakala wake kwa simu kuwa amefunga ngao, wakala akajibu "hamna shida". Hapo ametoa taarifa au hajatoa?

Asesa_wa_Kanda

Dada, achukulie kwamba hajatoa. Wakala anaweza kuhama, kubadili simu, au kusahau kwa nia njema kabisa. Faili la kampuni ndilo linalofunguliwa siku ya madai, na simu haimo ndani ya faili.

Atume barua pepe kwa kampuni yenyewe, wakala awekwe nakala. Akipeleka ya karatasi ofisini, aende na nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, arudi nayo nyumbani. Maneno yanatosha kuwa hivi:

*YAH: TAARIFA YA MABADILIKO, GARI NAMBA T ___ ___, HATI YA BIMA NAMBA ______*

*Nawataarifu kuwa tarehe ______ gari tajwa imefungwa: (1) ngao ya chuma mbele, Sh 450,000; (2) kerea ya juu, Sh 250,000; (3) taa ya LED ya wati 180, Sh 150,000. Kazi imefanywa na gereji ______. Matumizi ya gari hayajabadilika. Naomba mnithibitishie kwa maandishi: mmekubali mabadiliko haya, kama kuna nyongeza ya ada ni kiasi gani, na kama vifaa hivi vimeingizwa kwenye thamani iliyokatiwa bima. Nimeambatisha risiti na picha.*

Bei hizo ni za mfano, weka zako. Hiyo sentensi ya mwisho ya maombi ndiyo watu wanaiacha. Kampuni inaweza kukubali ngao iwepo bila kuilipia ikivunjika. Hayo ni mambo mawili tofauti, uliza yote mawili.

Jibu unalolitafuta ni hati ya nyongeza, wengine wanaiita endosimenti. Ina tarehe ya kuanza na inataja kilichobadilika. "Tumepokea" peke yake haitoshi.

Dalali_wa_Makongoro

Naongezea upande wa hesabu, maana hofu kubwa ya watu ni kwamba wakisema wataongezewa pesa nyingi.

Bima kubwa (ile inayolipa hadi gari yako mwenyewe) ya gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani, halafu VAT asilimia 18 juu yake. Gari ya milioni 20: ada 700,000, VAT 126,000, jumla 826,000.

Sasa mtu kafunga vifaa vya milioni 1.5 zikiwa zimebaki siku 200. Ada ya mwaka kwa hiyo milioni 1.5 ni 52,500. Kwa siku 200 kati ya 365 inakuwa 28,767. Weka VAT 5,178. Jumla 33,945. Ni chini ya bei ya tairi moja.

Angalia upande wa pili. Gari yenye vifaa vyote inafika milioni 24 sokoni, mwenyewe kaikatia bima kwa milioni 18. Amegongwa, matengenezo milioni 4. Mkataba wenye kipengele cha uwiano unachukua 18 gawanya kwa 24, yaani robo tatu. Anapata milioni 3, na eksesi, kile kiasi cha hasara unachobeba mwenyewe, inakatwa humo humo. Milioni nzima imepotea kwa kuogopa kuongeza ada.

Mambo mengine mawili. Nyongeza haianzi kufanya kazi mpaka umeilipia, usikae na ankara mfukoni ukadhani umeshakingwa. Na nyongeza nayo hupitishwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ule ule unaotumika kuhakiki stika kwa namba ya gari. Dai hati yenye namba ya kumbukumbu ya mfumo, siyo karatasi iliyochapwa stationari.

Na redio: mikataba mingi ina kikomo cha muziki ambao haukuja na gari. Unaweza kuwa na mfumo wa milioni 3 ukalipwa laki chache ukiibiwa, kama hukuutaja kwa jina na bei.

Fundi_Umeme_Igoma

Hapo kwenye muziki na taa naomba nikae kidogo, maana moto mwingi wa gari unaanzia kwenye waya zilizoongezwa, na bima inaujua ukweli huo kuliko wenye gari.

Amplifaya ya wati 1,000 halisi kwenye volti 12 inavuta ampea 83. Olteneta ya gari ndogo ni kama ampea 80, na hapo bado taa, feni na mfumo wa umeme wa kupulizia mafuta (EFI) vinahitaji chao. Waya wake usipungue milimita za mraba 16, na 25 ni salama zaidi ukienda hadi buti. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Watu wanaweka fyuzi karibu na amplifaya, nyuma kabisa, kwa sababu ndipo inapoonekana vizuri. Fyuzi hiyo inalinda amplifaya. Mita nne za waya kutoka kwenye betri hazina ulinzi wowote.

Sasa angalia pale waya unapopita ukuta wa injini kuingia ndani. Fundi wa haraka anatoboa tundu kwa drili, anapitisha waya, anafunga selotepu. Tundu la bati lina makali. Gari ikitembea barabara ya vumbi miezi kadhaa, mtikisiko unasugua ganda la waya pole pole mpaka shaba inagusa bodi. Bila fyuzi karibu na betri, mkondo unaopita hapo ni mamia ya ampea. Waya unakuwa mwekundu, ganda linayeyuka, linadondokea zulia na plastiki za dashibodi. Moto ukizimwa, palipogusa panabaki kidonge kidogo cha shaba iliyoyeyuka, mviringo kama shanga. Mchunguzi akiiona shanga hiyo kwenye waya ambao haukutoka kiwandani, na hakuna barua ya muziki kwenye faili, mazungumzo yanakuwa magumu.

Dawa yake ni mpira wa kupitishia waya kwenye tundu. Bei yake haifiki ya soda.

Taa ya LED ya wati 180: ampea 15. Rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya dashibodi) ya ampea 40, fyuzi ya 20, waya wa milimita za mraba 2.5 hadi 4, na swichi iendeshe rilei tu. Usiunge kwenye waya wa taa kubwa uliopo, ule haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Piga picha fyuzi na rilei kabla hujafunika, zitie kwenye barua. Kampuni inayoona kazi safi haina sababu ya kukusumbua.

Kijana_wa_Pasiansi

Wakuu, mimi nina bima ndogo tu. Haya ya kuandika barua yananihusu kweli? Si wanamlipa mwingine?

Dalali_wa_Makongoro

Yanakuhusu, mdogo wangu, ila kwa njia nyingine. Bima ndogo haikulipi gari yako hata ukiipamba kwa dhahabu, kwa hiyo suala la thamani ya vifaa halipo. Linalobaki ni hatari kwa wengine na kazi ya gari. Bima hiyo ni ya lazima kisheria ili aliyeumizwa apate haki yake, na kampuni inaweza kulazimika kumlipa majeruhi halafu ikakugeukia wewe uirudishie kwa kuvunja masharti. Fidia ya mtu aliyevunjika mguu haina uhusiano na ile laki uliyolipia bima.

Ngao ngumu ya chuma, gari iliyonyanyuliwa, siti zilizoongezwa, tela: hivyo vyote taja hata kwa bima ndogo.

Fundi_Magurudumu_Mkuyuni

Upande wa chini ya gari.

Tairi. IST iliyotoka na 185/65R15 ina kipenyo cha milimita 621.5. Ukivalisha 195/65R15 inakuwa 634.5, tofauti ya asilimia 2 hivi, haina kelele sana. Ukivalisha 205/70R15 unafika 668, asilimia 7.5 zaidi. Hapo spidomita ikisoma 80 wewe uko 86, breki zina kazi zaidi, na ukikata kona hadi mwisho tairi linasugua fenda. Hiyo ya pili iandikie barua.

Spesa za kutoa gurudumu nje. Hapa ndipo gurudumu linapochomoka. Stadi, zile bolti za kushikia gurudumu, za Toyota ndogo ni milimita 12, uzi wa 1.5. Nati inatakiwa ishike angalau urefu sawa na unene wa stadi, yaani mizunguko 8 kamili. Weka spesa ya milimita 10 kwenye stadi za kiwandani, hesabu mizunguko, utakuta 4 au 5. Ukitaka spesa weka zile zenye stadi zake au badilisha stadi ndefu. Kaza kwa Nm 103 kwa rinchi ya kupimia, rudia baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kukata springi ili gari ikae chini: acha kabisa. Springi iliyokatwa ni fupi, gurudumu likining'inia kwenye shimo inatoka kwenye kitako chake, ikirudi inakaa upande. Sioni asesa atakayeitetea.

Kunyanyua gari. Sentimita 5 kwa spesa za juu ya shokapu zinabadili pembe ya sivii joint, zinavuta paipu za breki hasa unapogeuza usukani hadi mwisho, na zinaelekeza taa machoni mwa anayekuja. Baada ya kunyanyua pima alaimenti, rekebisha taa, na angalia paipu za breki gurudumu likiwa limening'inia. Karatasi ya alaimenti iambatishe kwenye barua, inaonesha kazi imefanywa na mtu anayejua.

Mama_Spea_Nyakato

Na wanaobadili injini? Hao ni wengi kuliko wote. Prado ya petroli 3RZ inawekwa dizeli 1KZ, Vitz inapata injini ya IST.

Asesa_wa_Kanda

Hapo usianze na bima, anza na kadi. Namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta vimeandikwa kwenye kadi ya gari. 3RZ ni petroli ya cc 2,693, 1KZ ni dizeli ya cc 2,982. Hiyo Vitz ikitoka 2NZ ya cc 1,298 kwenda 1NZ ya cc 1,496, kadi nayo imeshakuwa ya gari nyingine. Hata injini ya aina ile ile kutoka kwa muuza spea ina namba yake tofauti.

Mpangilio unaofanya kazi: nunua injini yenye risiti na nyaraka za ilikotoka, ifunge, gari ikaguliwe na polisi wa usalama barabarani, peleka TRA ombi la kubadili taarifa, ukipata kadi mpya itume kwenye bima pamoja na barua. Wakati unasubiri kadi, tuma barua ya awali useme injini imebadilishwa tarehe fulani na maombi yako TRA. Usisubiri kadi ndipo useme, ajali haisubiri foleni.

Kubadili rangi ni njia hiyo hiyo. Na usidhani ukaguzi wa baada ya ajali hautagundua: gari inakaguliwa na polisi na ripoti yao inaingia kwenye madai yako.

Zile zinazoletwa kutoka Dar zikiwa zimefungwa mtungi wa gesi asilia, omba muuzaji akupe cheti cha ufungaji na namba ya mtungi. Gesi ile inakaa kwa mgandamizo wa bar 200 hivi. Angalia tarehe ya kupimwa upya mtungi. Kampuni itauliza, na muuzaji akishapokea pesa zake hapatikani kirahisi.

Dereva_Mchomoko_Kisesa

Probox zinazobeba abiria kwenda Magu na Usagara, siti imeongezwa kwenye buti. Bima ni ya gari binafsi. Mkifungua ukweli hapa wengi wataumia.

Dalali_wa_Makongoro

Kaka, wataumia zaidi wakinyamaza. Hapo yamebadilika mambo mawili kwa pamoja, siti na kazi. Gari binafsi inayobeba abiria kwa nauli iko nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba, na hilo peke yake linaweza kutosha kukataa madai hata kama gari imegongwa ikiwa imesimama. Vivyo hivyo kwa wanaoingia teksi za mtandao jioni baada ya kazi.

Bima ya biashara ya abiria huhesabiwa pia kwa idadi ya siti. Siti ya ziada ambayo haimo kwenye hati, anayekaa hapo hajahesabiwa. Na siti ya buti iliyochomelewa kwenye bati jembamba, bila mkanda, inang'oka na mtu akiwa juu yake. Mimi hapo simshauri mtu aandike barua. Namshauri aitoe siti, apate leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa idadi halisi, ndipo akate bima ya kazi anayoifanya.

Asesa_wa_Kanda

Kweli kabisa. Na nisiwasahau watu wa samaki.

Canter ya tani 2 iliyokuwa na bodi wazi ikivalishwa boksi la barafu, imebadilika umbo, uzito na kimo. Piga hesabu: boksi la mita 3 kwa 1.6 kwa 1.2 ndani lina mita za ujazo karibu 5.8. Likijazwa nusu tu kwa samaki na barafu, umeshafika tani 2, na uzito wa boksi lenyewe hujaweka. Uzito huo umekaa juu kuliko zamani, na barafu ikianza kuyeyuka maji yanacheza upande hadi upande kwenye kona. Gari ya namna hiyo inalala kwa mwendo ambao zamani isingelala.

Kwenye barua taja vipimo vya boksi, uzito wake mtupu, limefungwa kwa bolti ngapi za ukubwa gani kwenye chesisi, na bomba la kutolea maji linamwagia wapi. Likimwagia juu ya chesisi au paipu za breki, kutu inaanza ndani ya miezi, na kutu haimo kwenye bima ya kawaida ya gari. Mzigo wenyewe nao una bima yake. Bima ya gari haimlipi mwenye sangara.

Tela za boti pia. Tela lina usajili wake na bima yake. Kufunga ndoano ya kuvutia kunahitaji barua, na kuvuta tela lisilo na bima ni kosa jingine kabisa.

Kijana_wa_Pasiansi

Nimeelewa vizuri. Kampuni ikikataa kulipa na barua niliandika, nifanyeje?

Dalali_wa_Makongoro

Omba kukataliwa kwa maandishi, kutaje sharti namba ngapi la mkataba limevunjwa na badiliko hilo lilihusianaje na hasara. Mtu aliyegongwa nyuma akiwa kwenye taa za barabarani ana hoja nzuri ya kuuliza kerea ya juu ilichangia nini. Andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, na nakala yako yenye muhuri. Wasipokujibu vizuri, TIRA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima anayepokea malalamiko ya wateja. Peleka vitu kwa mpangilio wa tarehe: fomu ya maombi, barua, hati ya nyongeza, risiti, picha, barua ya kukataliwa.

Na usitengeneze gari kabla asesa hajaiona, wala usitoe kifaa kilichofungwa ili kukificha. Matundu ya bolti yanabaki.

Mama_Spea_Nyakato

La mwisho, hizo picha zipigwe vipi? Wengi wanatuma moja ya mbele tu, tena usiku.

Asesa_wa_Kanda

Mchana, gari imeoshwa, imesimama sehemu tambarare. Pembe nne za nje, namba ya gari ionekane mbele na nyuma. Dashibodi ikiwa imewashwa, kilomita zisomeke. Namba ya chesisi na ya injini, karibu, bila mtikisiko. Kisha kila kilichofungwa, picha mbili: moja ya mbali ionekane kiko wapi, moja ya karibu ionekane kimefungwaje, na kama kina namba yake basi namba isomeke. Siku ya kuhuisha bima piga upya zote na utume orodha nzima tena, hata kama hakuna kilichoongezeka, na ukihamia kampuni nyingine anza upya kabisa. Faili la kampuni ya zamani halikufuati.